Beseni Moja Chini ya Kinu

Jumatatu ya pili baada ya Idi ndogo, baada ya sala ya alasiri, tulimzika Bi Rukia katika makaburi ya Kikowani. Mimi ni Mtaita na ni Mkristo, kwa hiyo nilisimama nyuma ya wanaume wenzangu, kando ya ukuta, kofia mkononi. Mfukoni mwa koti langu mlikuwa na barua yenye muhuri wa kampuni, inayosema kwamba Bi Rukia hakutenda kosa aliloachishiwa kazi. Barua hiyo niliipokea Ijumaa, adhuhuri. Kutoka ofisini mpaka kwao Kuze ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sikwenda Ijumaa kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Jumamosi sikwenda kwa sababu nilitaka koti lifuliwe kwanza. Nilisema Jumatatu ndiyo siku ya kazi, na jambo la kazi hupelekwa siku ya kazi. Alifariki Jumatatu hiyo, alfajiri.

Vijana wa chuo waliokuja kwetu kujifunza kazi waliniomba, kabla sijastaafu, niwaandikie jinsi tulivyotunza seva katika wakati wetu. Nilikubali. Lakini kila nikianza kuandika habari ya seva najikuta naandika habari yake, basi nimeacha kujaribu kuzitenganisha.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi na bunda la waya. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na alama za kutia haya, na niliajiriwa kwa sababu nilikuwa mwembamba na ningeweza kupita katikati ya dari na mabati. Kampuni yetu ilikuwa ya kuhifadhi chai. Chai hushuka kwa malori kutoka bara, huwekwa katika maghala ya Shimanzi, huonjwa, huuzwa mnadani, kisha hutolewa kwenda melini. Sisi hatukununua wala kuuza. Kazi yetu ilikuwa kulinda chai ya watu na kuitoa kwa mwenyewe, fungu kwa fungu, kwa hati. Ofisi ilikuwa juu ya ghorofa kuukuu upande wa Mji wa Kale, ngazi zake za mbao, madirisha yake yakitazama paa za mabati za majirani.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Fundi Mkuu, Mhindi aliyezaliwa Makadara, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Yeye ndiye aliyenitoa darini. Aliniona jioni moja nimesimama nyuma ya kiti chake nikisoma alichokuwa akiandika, akaniuliza naelewa nini. Nikamwambia sielewi kitu ila naona kwamba mstari ule wa tatu unarudiwa chini. Kesho yake aliniletea kiti. Alinifundisha kwa miaka sita, bila kitabu, kwa kunipa kitu kibovu na kuniambia nikitengeneze. Alikuwa na neno moja ambalo alinirudia mpaka nikachoka.

“Mwandoe,” alikuwa akisema, “soma karatasi ya kitu kabla hujakitia mkono. Kila kitu kimeandikwa mahali. Asemaye hakujua, hakusoma.”

Karatasi ya kitu ni maelezo yanayokuja pamoja na kila kipande cha programu, yanayosema kinafanya nini na kina kasoro gani. Ni maandishi makavu, na watu wengi hawayasomi.

Wavuti ulipofika ofisini kwetu, Fundi Mkuu na mimi tuliandika seva yetu wenyewe. Seva ni programu inayokaa ikingoja. Mtu akiomba ukurasa kutoka mezani kwake, seva humpa. Makarani waliingia kwa jina na neno la siri, ambalo vijana sasa huliita nywila. Na hapa lazima nieleze kazi ya kusaga, kwa sababu yote yaliyotokea yalitokea hapo.

Neno la siri halihifadhiwi lilivyo. Ukilihifadhi lilivyo, mwizi mmoja akifungua daftari amepata maneno ya watu wote. Kwa hiyo husagwa. Hutiwa kwanza chumvi, ndivyo tunavyoiita, yaani herufi chache za kubahatisha ambazo kila mtu hupewa zake, kisha likasagwa pamoja na chumvi hiyo mpaka likawa unga usiosomeka. Unga ndio unaohifadhiwa. Mtu akirudi kesho na neno lake, linasagwa tena kwa chumvi ileile, na unga mpya unalinganishwa na ule wa zamani. Ukifanana, mlango unafunguka. Unga haurudi kuwa mahindi. Na kwa kuwa chumvi ni tofauti, watu wawili hawawezi kuwa na unga mmoja, hata kama wamechagua neno moja. Hilo la mwisho mlishike.

Kinu chenyewe hatukukitengeneza sisi. Huja pamoja na mfumo wa kompyuta, na programu yo yote inaweza kukiita.

Fundi Mkuu alistaafu akahamia kwa wanawe ng'ambo. Nikaachiwa chumba cha mitambo, kabati la nakala na daftari la funguo. Nakala zilichukuliwa kila siku saa saba mchana, makarani wakiwa chakulani, zikafungiwa kabatini. Daftari la funguo lilikuwa kitabu cha kawaida ambamo niliandika kila aliyekuja kusema neno lake limekataa, na saa aliyokuja, na nilichomfanyia.

Bi Rukia nilimkuta kazini. Alikuwa karani wa mafungu yaliyozuiwa. Waonjaji wakikuta fungu limeingiwa na maji au limeota ukungu, yeye alilitia zuio, na tangu hapo hakuna jina lingine katika ofisi nzima lililoweza kulitoa. Karani mwingine akijaribu, seva ilimkatalia na kumwambia fungu limezuiwa. Makarani wa mbele waliizoea hali hiyo, hata hawakuangalia tena orodha ya mazuio. Waliandika namba ya fungu kama ilivyo kwenye karatasi ya dereva, wakijua kwamba kama lina kasoro, seva itasema.

Alikuwa mwanamke wa Kuze, hakuolewa, akikaa na dada yake katika nyumba ya marehemu baba yao. Alikuwa mkali kazini na mchekeshaji wakati wa chai. Aliniita “jirani wa milimani” kwa sababu meza yake ilikuwa karibu na mlango wangu. Kila Ramadhani alinifungia vibibi na sambusa nipeleke Majengo kwa watoto wangu, na kila Krismasi alinikumbusha mapema nisisahau kumletea wali wake wa nazi, ambao mke wangu aliupika vibaya naye akausifu.

Kisha tukaletewa Meneja Mkuu aliyetoka jeshi la majini. Alikuwa mtu mwadilifu. Aligundua kwamba makarani walikaa na neno moja la siri kwa miaka, wengine wakiliandika chini ya kibodi, akaona hatari, na alikuwa na haki. Akaamuru kwamba Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili na nusu asubuhi, kila mtu abadilishe neno lake mbele ya macho yake. Alinunua kengele ya mkononi kama ya shule. Makarani walikaa mezani, neno jipya limeshaandikwa, kidole kikingoja. Yeye alitembea katikati ya meza, akapiga kengele, na wote wakabonyeza pamoja.

“Tunapigiwa kengele kama wana wa chuoni,” Bi Rukia alisema siku ya kwanza. “Mwezi ujao tutaletewa na uji.”

Ofisi nzima ilicheka, na Meneja Mkuu naye alicheka. Tangu siku hiyo tukaiita Jumatatu ya uji.

Miezi michache kabla ya kengele kuanza, mimi nilikuwa nimeibadilisha seva. Mwanzoni ilifanya kazi hivi: kila mtu alipoomba kitu, seva ilijizalia nakala nzima ya kumhudumia huyo mmoja, kama karani aliyepewa chumba chake, meza yake na kinu chake. Ni njia salama lakini nzito, na mashine yetu ilikuwa imezeeka. Watu walilalamika kwamba kurasa zinachelewa. Kwa hiyo niliihamisha kwenye nyuzi. Katika njia ya nyuzi, vyumba vinavunjwa, unabaki ukumbi mmoja, na makarani wote wanafanya kazi humo wakitumia vifaa vilevile. Ni nyepesi, nayo huenda kasi. Nilijaribu kwa siku tatu, peke yangu, kutoka mezani kwangu, nikiingia na kutoka, nikibadilisha neno la siri. Yote yalikwenda sawa. Meneja Mkuu alinishika mkono mbele ya watu.

Sikuisoma tena karatasi ya kinu. Niliisoma zamani, wakati wa Fundi Mkuu, ambapo nyuzi hazikunihusu. Karibu na mwisho wake kuna mstari mmoja unaosema kwamba kinu hicho si salama kwa nyuzi nyingi.

Maana yake ni hii. Pale Majengo, ukienda kusaga mahindi, unakwenda na beseni lako na kuliweka chini ya kinu. Kinu chetu kilikuwa na beseni moja tu, lake lenyewe, lililofungwa pale chini, na kila aliyesaga alichota unga wake humo. Katika vyumba mbalimbali haikuwa na neno, kila chumba kilikuwa na kinu chake. Katika ukumbi mmoja, karani wa kwanza akisaga, na kabla hajachota wa pili akasaga, unga wa pili unaufuta wa kwanza. Wa kwanza anachota unga wa mwenzake, anauhifadhi kwa jina lake mwenyewe, na hajui. Ili litokee jambo hilo lazima watu wawili wasage karibu kwa pamoja, katika nafasi iliyo ndogo kuliko kupepesa jicho. Katika ofisi ya kawaida lingeweza kutotokea kwa miaka. Sisi tulikuwa na kengele.

Kila Jumatatu ya uji, mtu mmoja au wawili walikuja baadaye mlangoni kwangu kusema neno lao jipya limekataa. Tuliwacheka. Kasimu, karani wa mbele, kijana wa Kibokoni mwenye mdomo, alikuwa akiwauliza kama wamekula maharagwe. Mimi niliwapa neno jingine na kuandika daftarini: amesahau. Ukurasa baada ya ukurasa: amesahau, amesahau. Nilidhani watu husahau maneno mapya. Nilikuwa mtu wa mashine kwa miaka mingi, na palipokuwa na shaka kati ya mashine na mtu, nilimshuku mtu.

Jumatatu moja ya namna hiyo Bi Rukia alibadilisha neno lake kwa kengele kama wenzake, akaendelea na kazi aliyokuwa nayo, na saa nne akatoka kwenda Shimanzi na waonjaji. Alifunga kazi yake kama alivyozoea. Lakini ukurasa wa kuingilia ulikuwa na tabia ya kukumbuka jina la mwisho. Jina lake lilibaki pale, na mahali pa neno la siri pakawa tupu. Aliporudi saa tisa, neno lake lilimkatalia. Alikuja mlangoni kwangu amechoka, vumbi la chai kwenye buibui.

“Jirani,” alisema, “mimi sisahau. Hebu itazame mashine yako.”

Nilimwambia uzee hauanzi na miguu. Alinicheka. Nikampa neno jipya, na kwa kufanya hivyo nikafuta kilichokuwa kimehifadhiwa kwa jina lake. Nikaandika: Bi Rukia, saa tisa, amesahau.

Wiki kadhaa baadaye mnunuzi alituma picha za chai yenye ukungu. Fungu lile lilikuwa limezuiwa. Rekodi ya seva ilisema lilitolewa Jumatatu ile, saa nne na nusu, kwa jina la Bi Rukia, kutoka mezani kwake, kwa neno la siri lililo sahihi.

Kikao kilikuwa asubuhi, katika chumba cha mikutano. Alikuwepo Meneja Mkuu, Mkuu wa Maghala, Bi Rukia na mimi. Alisema wakati huo alikuwa Shimanzi. Mkuu wa Maghala alikubali kwamba Bi Rukia alifika asubuhi hiyo, lakini hakukumbuka ni saa ngapi. Meneja Mkuu alimweleza kwa upole kwamba saa haikuwa na maana sana: ama alilitoa fungu mwenyewe, ama alimpa mtu neno lake la siri alitoe, na katika kampuni ya kulinda mali ya watu yote mawili ni kosa moja. Kisha akanigeukia.

“Mzee Mwandoe, wewe ndiye uliyeijenga. Mlango wa mtu unaweza kufunguka bila neno lake?”

“Haufunguki,” nilisema.

“Mashine haiwezi kukosea hapo?”

“Hapo haikosei.”

Bi Rukia hakumtazama Meneja. Alinitazama mimi.

“Mwandoe, wanijua,” alisema.

Nilisema ninamjua, na kwamba mimi ninaeleza habari ya mashine tu. Ndivyo nilivyosema. Sikukumbuka kwamba siku ile fungu lilipotolewa, saa tisa, alikuja mlangoni kwangu. Daftari lilikuwa chumba cha pili. Nakala ya saa saba ya siku hiyo, iliyochukuliwa kabla sijampa neno jipya, ilikuwa kabatini, nyuma ya kiti changu. Hakuna aliyeniuliza habari zake, na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba zipo.

Alikusanya vitu vyake katika kikapu. Mji wa Kale ni mdogo. Ikasemwa kwamba alinunuliwa na wenye lori, ikasemwa tangu lini, ikatajwa nyumba iliyopakwa chokaa upya. Watu waliomwita kwenye harusi kusimamia vyakula wakaacha kumwita. Alipata mahali Marikiti, katika duka la viungo la binamu yake, akifunga bizari na iliki katika vipakiti.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja ya uji, nilisikia vicheko kule mbele. Msichana mmoja mgeni neno lake lilikuwa limekataa, na Kasimu, kwa mzaha, aliinama mezani kwake akaandika neno lake mwenyewe katika jina la yule msichana. Mlango ukafunguka.

“Mzee,” Kasimu aliniita, “kufuli lako ni kama la choo cha soko. Kila ufunguo unaingia.”

Wote walicheka. Mimi nilirudi chumbani nikakaa. Sikuhitaji kutafuta; kabla sijafika kitini nilikuwa nimeshajua. Niliisoma karatasi ya kinu mpaka ule mstari. Niliandika programu fupi yenye nyuzi mbili zikisaga kwa pamoja, nikaiacha iende. Haikupita muda uzi mmoja ukatoka na unga wa mwenzake. Kisha nikafungua kabati, nikatoa nakala ya saa saba ya ile Jumatatu. Penye jina la Rukia palikuwa na unga, na penye jina la Kasimu palikuwa na unga, na ulikuwa mmoja, chumvi na yote, herufi kwa herufi.

Nilimwita Kasimu. Nilimwuliza kama anakumbuka kuwahi kutumia meza ya Bi Rukia. Alikuwa bado anatabasamu. Akafikiri, na tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Akasema kuna siku mashine yake iliganda na dereva anamsukuma, akasimama kwenye meza ile dakika moja, akaandika neno lake, akatoa hati, akarudi kwake. Jina lililokuwa juu hakulitazama. Fungu lenyewe hakulijua. Angetoaje fungu lililozuiwa, si seva ingemkatalia?

“Seva ilikuona kuwa ni Rukia,” nilimwambia.

Kasimu akauliza kwa nini hakuna aliyemwuliza wakati ule. Alisimama akatafuta viatu alivyovivua mlangoni, akasema anakwenda Marikiti sasa hivi, amwambie. Mimi nilimzuia. Nilimwambia maneno matupu hayamrudishii mtu jina lake. Atasema Kasimu amesema, na watu watacheka. Tungoje barua ya kampuni, yenye muhuri, twende nayo mkononi. Alinitii kwa sababu mimi ni mzee wake.

Kukitengeneza kinu kulichukua asubuhi moja. Kuna kinu cha pili, ndugu yake wa kwanza, jina lake ni lilelile ila limeongezwa kistari na herufi moja, nacho kinamtaka kila anayekuja aje na beseni lake. Niliandika kistari na herufi, nikampa kila uzi beseni. Ndivyo vijana mnavyopaswa kufanya tangu mwanzo, na sasa kuna vinu bora zaidi, lakini hivyo vitabu vyenu vitawaambia.

Barua ndiyo iliyokawia. Meneja wa kengele alikuwa amehamishwa, ingawa kengele yake ilibaki. Aliyekuja baada yake alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kosa limeshaondolewa. Nikasema limeondolewa.

“Basi unataka niwaandikie watu kwamba kwa mwaka mzima milango yetu ilifunguka ovyo?” aliuliza. “Wanunuzi nao si wataisoma?”

Nilirudi kwake kila mwezi. Hakuwahi kunikatalia. Alisema wanasheria wanaitazama, alisema baada ya Ramadhani, alisema baada ya mnada mkubwa. Nami nilikubali kila mara, na ukweli ni kwamba nilikubali kwa wepesi. Kungoja barua kulinipa kitu cha kufanya badala ya kwenda Kuze.

Katika miezi hiyo nilikwenda Marikiti mara moja. Nilitoka nyumbani nimekusudia kumwambia, na nilipofika mbele ya duka aliniona kabla sijajitayarisha. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito. Aliufunga mdomo wa kipakiti kwa meno. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mke wangu na watoto mmoja mmoja kwa jina.

“Na ile mashine yenu,” akasema, “yaendelea?”

“Yaendelea,” nikajibu.

Alinifungia iliki, akaongeza karafuu juu yake. Nilikwenda nayo Majengo. Mke wangu aliuliza kama nimemwambia, nikasema kulikuwa na watu.

Siku ya kustaafu kwangu ilipokaribia, waliniuliza ningependa zawadi gani. Nikasema sitaki saa wala keki, nataka barua ile. Nadhani niliwatia haya. Ijumaa ya mwisho niliitwa juu nikakabidhiwa. Ilikuwa na mistari minne. Haikusema kinu, wala nyuzi, wala jina langu. Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba hakuhusika. Yaliyofuata nimekwisha kuyaandika.

Watu huwa na mawaidha wanapostaafu. Nimeyatafuta. Najua kuandika seva isiyokosea mahali pale, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo kazi. Usiku nasikia swali la Meneja na jibu langu, na si kwamba nilisema uongo. Nilisema nilichokiamini, na ndicho kilichommaliza.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wageni walipopungua, nilikwenda nyumbani kwao Kuze. Nilipiga hodi, nikavua viatu. Dada yake, Bi Zaituni, aliniketisha barazani ndani ya mlango, akanimiminia kahawa kama mgeni ye yote wa msiba. Nilimpa pole, kisha nikampa barua kwa mikono miwili. Aliisoma taratibu, akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu, akaisoma tena. Nikamweleza habari ya kinu na beseni, yote, pamoja na nilichosema kikaoni.

“Ulijua lini?” akauliza.

“Mwaka jana. Kabla ya Ramadhani.”

“Ya mwaka jana?”

“Ya mwaka jana.”

“Na ile siku ulokuja Marikiti, kununua iliki?”

“Nilikuwa najua.”

Aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akaitia kifuani. Kisha akainama, akakichukua kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele yangu, ambacho nilikuwa bado sijakigusa, akaingia nacho ndani.